Mtawa Akikuambia Kitu, Muulize Kakipata Wapi

Wiki hii nimeweka kando maswali ya wachumba na ya mawifi, maana zimeingia barua mbili zinazovutana, na waliozileta wana haraka, kazi zao zinatakiwa chuoni.

Ya kwanza imetoka kwa binti wa Dodoma, anasoma historia, mwaka wa tatu. Aliandika insha juu ya Vita vya Kwanza vya Msalaba, akaiweka humo hotuba ya Papa Urbano II neno kwa neno kama alivyoikuta kitabuni. Insha imerudi na wino mwekundu na swali moja pembeni: nani alikuwa ananakili? Ya pili ni ya kijana wa Iringa aliyepita seminari kabla ya kwenda chuo, kwa hiyo Kilatini anacho. Yeye amezisoma tarihi za watawa wa Zama za Kati kwa Kilatini chenyewe, na amechoka. Ndege wanazima taa kanisani, mianga inalizunguka jua, watakatifu wanafufua wafu. Anauliza kama si bora awaache watawa hawa na mambo yao, atafute mada ya karne ya 20 yenye magazeti na takwimu.

Mmoja kaamini yote, mwingine hataki kuamini hata moja. Lakini ukiangalia vizuri, mmeteleza mahali pamoja. Wote mmemuuliza mtawa swali moja tu: unasema kweli? Hilo ni la mwisho. Yapo ya kuanzia: hili umelipata wapi, umeliandika lini, nani alikuwa anakulisha, na ulitaka nani alisome.

Mdogo wangu wa Dodoma, mwalimu wako hakukuonea. Tarehe 27 Novemba 1095, huko Clermont, Ufaransa, Papa Urbano II aliwahutubia watu, na wengi wakaondoka pale na ari ya kwenda Mashariki. Hilo halina ubishi. Ila karatasi ya hotuba haipo. Tulicho nacho ni maelezo ya waandishi, na wanaosomwa zaidi ni Fulcher wa Chartres, Robert Mtawa, Baldric na Guibert wa Nogent. Wote wanne waliandika baada ya Yerusalemu kutekwa tarehe 15 Julai 1099. Yaani walipokuwa wanaandika mwanzo wa safari, mwisho wake walikwisha kuujua.

Zipange hotuba hizo nne mezani uone. Kwa Robert, Yerusalemu ndiyo moyo wa hotuba nzima. Anaiita kitovu cha dunia, mji uliotekwa unaoomba kukombolewa. Kwa Fulcher, Papa anawakemea maaskofu, anahimiza amani, kisha anaomba msaada kwa Wakristo wa Mashariki wanaoshambuliwa na Waturuki. Yerusalemu haimo. Hata kwa kutajwa haimo! Papa ni yule yule, siku ni ile ile, na wewe umenukuu toleo moja kana kwamba mengine matatu hayapo.

Kuna jambo jingine ambalo wanafunzi wengi halijawafikia. Robert, Baldric na Guibert, kila mmoja kwa wakati wake, walichukua kitabu kimoja kifupi cha mtu asiyejulikana jina, kiitwacho Gesta Francorum, wakaona Kilatini chake hakina adabu, wakakiandika upya kwa lugha ya kisomi. Kwa hiyo ukikuta tukio fulani la safari wanalisimulia wote watatu kwa mpangilio ule ule, usiandike "mashahidi watatu wanakubaliana". Shahidi ni mmoja, amevaa mavazi matatu. Kabla ya kuhesabu mashahidi, angalia nani amemnakili nani.

Na usiwaite waongo, tafadhali. Watu hawa walilelewa kwenye vitabu vya Warumi, akina Sallustius na Livius, na huko walifundishwa kwamba mwanahistoria akifika penye hotuba, anatunga maneno yanayomfaa msemaji na wakati wake. Msomaji wao alilijua hilo. Sisi ndio tuliozoea vinasa sauti.

Basi ufanye nini? Anza na barua. Mwishoni mwa Desemba 1095 Urbano mwenyewe aliwaandikia watu wa Flanders, na barua hiyo tunayo. Iliandikwa kabla mtu yeyote hajajua kama jeshi litafika. Hiyo ndiyo nguzo yako kuhusu aliyoyataka Papa. Hotuba nne usizitupe; zihamishie sehemu nyingine ya insha, pale unapoeleza namna wasomi wa Kilatini, miaka michache baada ya ushindi, walivyojieleza vita ile ilikuwa ya nini. Kwa swali hilo Robert ni shahidi wa daraja la kwanza.

Niwarudishe nyuma kidogo, maana tarihi hazikuzaliwa zikiwa na hotuba. Monasteri zilikuwa na majedwali ya kukokotoa tarehe ya Pasaka, mstari mmoja kwa kila mwaka, na pembeni pakabaki nafasi. Mtawa akaandika hapo neno moja au mawili. Ni kama ile kalenda ya ukutani nyumbani ambayo mama huandikia siku ng'ombe alipozaa na siku ya msiba wa jirani. Kutokana na madokezo ya aina hiyo zikakua tarihi za mwaka kwa mwaka. Zile fupi za Sankt Gallen, zinazoanza mwaka 709, zinataja baridi kali, mafuriko, kifo cha mtawala, na miaka mingine haina kitu kabisa. Kwa mwaka 732 zinasema Karolo alipigana na Wasaraseni huko Poitiers siku ya Jumamosi. Nani alishinda? Hazisemi. Siku ya wiki imeonekana ya maana, matokeo hayakuandikwa. Nawaomba mkikuta mwaka mtupu msiujaze kwa kubuni, na msidhani mwaka huo hakukuwa na jambo. Andikeni tu kwamba chanzo kimenyamaza.

Kunyamaza kwenyewe kuna aina zake, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ni eneo ninalolipenda. Mwaka 778 Karolo mwingine, Karolo Mkuu, ndiye Charlemagne, alivuka milima ya Pirenei kuingia Hispania. Wakati wa kurudi, kikosi chake cha nyuma kilivamiwa milimani na Wabaski, na watu wakubwa wakafa. Sasa fungua Tarihi za Ufalme wa Wafranki, zinazokwenda mwaka 741 hadi 829 na zilizoandikwa karibu na ikulu. Mwaka 778 upo: mfalme amefika Hispania, amebomoa Pamplona, amerudi nyumbani. Basi. Vifo havipo. Baadaye, Karolo mwenyewe akiwa amekwisha kufariki, likatoka toleo lililopitiwa upya la tarihi hizo hizo, na humo uvamizi umeelezwa, pamoja na majonzi yaliyoufunika moyo wa mfalme. Einhard naye, katika wasifu wake wa Karolo, anawataja marehemu watatu kwa majina, mmoja wao Hruodland, ambaye washairi watakuja kumfanya yule Roland maarufu. Unaona? Ungekuwa na toleo la kwanza peke yake, ungeandika kwamba safari ile ya Hispania ilikuwa ya heri.

Twende Krismasi ya mwaka 800, Roma, kanisa la Mtakatifu Petro. Karolo anavikwa taji la kaisari. Tunayo masimulizi manne ya watu wa zama hizo, na kila mmoja ana lake. Tarihi za Ufalme zinasema Papa Leo III alimvika taji Karolo alipoinuka kutoka kwenye sala, watu wa Roma wakashangilia, kisha Papa akamsujudia kwa desturi ya makaisari wa kale. Kitabu cha Mapapa, Liber Pontificalis, kilichoandikwa na makarani wa Papa wenyewe, kinasisitiza kwamba Leo alimvika kwa mikono yake, tena akampaka mafuta mwana wa Karolo. Kuhusu Papa kusujudu, kimya. Tarihi za Lorsch zinaeleza kwamba palikuwa na baraza kwanza: cheo cha kaisari kilikuwa wazi kwa Wagiriki kwa kuwa aliyetawala huko ni mwanamke, yaani Irene, hivyo Papa, maaskofu na wengine wakaamua Karolo apewe, naye akakubali kwa unyenyekevu. Einhard anakuja na kauli ya nne: kwamba Karolo alisema angelijua nia ya Papa, asingeingia kanisani siku hiyo, ingawa ilikuwa sikukuu kubwa.

Kijana mvivu atachagua mmoja na kuwaacha watatu. Wewe usichague haraka. Uliza kila mmoja alihitaji nini. Mwezi Aprili 799 Leo alishambuliwa mjini Roma na maadui waliotaka kumtoboa macho na kumkata ulimi. Akamkimbilia Karolo huko Paderborn, na tarehe 23 Desemba 800, siku mbili tu kabla ya taji, ikambidi aape hadharani kujisafisha na tuhuma. Kwa mtu aliyetoka kuapishwa namna hiyo, makarani wake wanapoonyesha kwamba ni mkono wake uliompa Karolo ukaisari, wanamrudishia heshima yake. Watu wa ikulu nao wanataka ionekane Papa alijua nani mkubwa. Lorsch wanahitaji uhalali mbele ya Wagiriki. Einhard, anayeandika baada ya mwaka 814, anamchora bwana wake kama mtu asiye na tamaa ya cheo, na alikuwa na kielelezo mbele yake: Suetonius, mwandishi wa maisha ya makaisari wa Roma, ambaye kutoka kwake amechukua mpangilio na hata maneno ya kumweleza Karolo. Mimi binafsi nawaegemea Lorsch, kwa sababu waliandika karibu sana na tukio, na kwa sababu sherehe kubwa kiasi kile haifanyiki mwenye shughuli hajui. Lakini hata asiyekubaliana nami atakuwa amepata kitu: katika masimulizi manne, mambo ambayo wote wanayakubali, yaani sikukuu, Roma, na Karolo kupata cheo cha kaisari kwa ushiriki wa Papa, ndiyo yaliyosimama imara. Wanapotofautiana ndipo siasa ilipo.

Mdogo wangu wa Iringa, nimekuweka hadi sasa kwa makusudi. Ndege wako wa kuzima taa namjua. Yumo katika kitabu cha nne cha Gregori, askofu wa Tours kuanzia mwaka 573 hadi 594, sura ya 31. Umeisoma sura ukafika kwa ndege ukafunga kitabu. Rudi uisome yote.

Sura hiyo inaanza na mlima. Juu ya ngome iliyoitwa Tauredunum, kando ya mto Rhône, mlima ulinguruma kwa zaidi ya siku sitini, kisha ukakatika na kuporomokea mtoni pamoja na makanisa, nyumba, watu na mifugo. Maji yakazibwa, yakajaa nyuma, kisha yakapasuka na kushuka bondeni hadi Geneva, yakapanda juu ya kuta za mji. Gregori analiita jambo hilo ajabu kuu, na baada yake anaorodhesha mianga kulizunguka jua, nyota yenye mkia, na ndege aliyeingia kanisani Clermont akazima taa zote kwa mbawa zake. Ukisoma kwa haraka, yote yanaonekana ni ya kapu moja.

Lakini Marius, askofu wa Avenches, mtu wa wakati ule ule, katika tarihi yake fupi ya Kilatini ameuweka mlima huo chini ya mwaka 563, na anaongeza kwamba ziwa lilifurika likabomoa vijiji vya kale, likabeba vinu vya Geneva na kuua watu wengi. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha matokeo ya uchunguzi wao chini ya ziwa hilo, Léman. Walikuta tabaka kubwa la tope lililomwagika kwa mkupuo mmoja, la umri unaolingana na tukio hilo, na kwa hesabu zao wimbi lililofika Geneva lilikuwa na kimo cha karibu mita 8. Maaskofu wawili walikuwa wameripoti sunami ya ziwani, na tope lilikuwa linawasubiri huko chini kwa miaka 1,400.

Endelea na sura ile ile. Baada ya ndege linakuja tauni, Clermont, mwaka 571. Majeneza yanakwisha, watu kumi na zaidi wanazikwa kaburi moja, na Jumapili moja katika kanisa la Mtakatifu Petro la mji huo inahesabiwa miili mia tatu. Anaeleza uvimbe wa kwenye kinena au kwapani, na mgonjwa kufa siku ya pili au ya tatu. Wanasayansi wamepata vinasaba vya bakteria wa tauni katika mifupa ya karne ya 6 kwenye makaburi ya Aschheim, Bavaria. Kwa Gregori, ndege alikuwa onyo la tauni, ndiyo maana wamekaa pamoja. Ukimwondoa ndege kwa sababu humwamini, umeondoa namna watu wa Clermont walivyoielewa misiba yao, na hiyo nayo ni historia. Kwa hiyo usihame kwenda karne ya 20 kwa kukimbia miujiza. Hama ukipenda magazeti.

Mitego ya tarehe na idadi nitaipitia upesi. Mwaka haukuanza Januari kila mahali. Wengine waliuanzia Krismasi, wengine tarehe 25 Machi. Askofu mkuu Thomas Becket aliuawa Canterbury tarehe 29 Desemba 1170 kwa hesabu yetu, lakini mwandishi anayeanzia mwaka Krismasi atakuandikia 1171, na hajakosea. Hata Beda Mheshimiwa, bingwa wa hesabu za kalenda, aliyemaliza historia yake ya Kanisa la Waingereza mwaka 731, anaweka kupatwa kwa jua kwa mwaka 664 tarehe 3 Mei. Jua lilipatwa tarehe 1. Idadi za majeshi ndiyo balaa zaidi. Fulcher anasema kama wote walioondoka nyumbani wangefika, wapiganaji wangekuwa 6,000,000, ilhali wanahistoria wa leo wanazungumzia makumi ya maelfu. Namba kama hiyo isome kama "hawahesabiki". Bali mtawa anapohesabu madeni ya nyumba yake mwenyewe, kama Jocelin wa Brakelond anavyoeleza deni lilivyozaa deni katika monasteri ya Bury St Edmunds, mpe sikio la karibu. Hapo anaongelea chakula chake.

Mkitaka kumwona mwandishi akiwa kazini, mtafuteni Matthew Paris, mtawa wa St Albans, Uingereza, aliyefariki mwaka 1259. Tarehe 13 Oktoba 1247 mfalme Henry III alibeba kwa miguu hadi Westminster chupa iliyosemekana ina damu ya Kristo. Katikati ya sherehe mfalme alimwona Matthew, akamwita akae kwenye ngazi karibu na kiti chake cha enzi, akamwamuru aandike kila kitu bayana. Matthew akaandika. Kitabu hicho hicho kimejaa malalamiko yake juu ya mfalme huyo na kodi zake! Mkono wake mwenyewe bado upo: juzuu mbili za kwanza za tarihi yake kuu zimo katika maktaba ya Corpus Christi College, Cambridge, na picha zake ziko mtandaoni bure. Mnaweza kukuza ukurasa kwenye simu mkaona mahali alipokwangua maneno makali na kuandika upya, na pembeni alipotia alama kwamba hapa pana la kuudhi. Pia amemchora tembo ambaye mfalme wa Ufaransa alimpelekea Henry mwaka 1255. Mtu anayekwangua maneno anakuambia alimwogopa nani, na alianza kumwogopa lini.

Mbinu hizi si za Wazungu peke yao, na binti wetu wa mwaka wa tatu anaweza kumwambia mwalimu wake hivyo. Tarihi ya Kilwa tunayo kwa Kiarabu, katika nakala iliyoandikwa Zanzibar mwaka 1877, na kwa Kireno katika kitabu cha João de Barros kilichochapishwa mwaka 1552, na orodha zao za masultani hazilingani. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba Kilwa aliisogeza mbele tarehe ya nasaba ya Washirazi. Kisha mwaka 1984 zikapatikana Mtambwe Mkuu, Pemba, sarafu za Ali bin al-Hasan wa nasaba hiyo pamoja na dinari za Wafatimi ambazo ya mwisho ni ya mwaka 1066, na tarehe ikarudi nyuma tena. Kalamu ya mwenyeji, nakala ya mgeni, na kilichofukuliwa ardhini vinahojiwa pamoja, kama ziwa la Geneva na maaskofu wake.

Sasa kazi. Wa Iringa, ingia katika hazina ya Monumenta Germaniae Historica, shirika lililoanzishwa mwaka 1819; matoleo yake yamewekwa mtandaoni bila malipo. Humo maneno ambayo mwandishi ameyachukua kwa mwingine huchapwa kwa herufi ndogo, na chanzo chake kimeandikwa pembeni, kwa hiyo kwa jicho tu utajua lipi ni lake na lipi la kuazima. Fungua Gregori, kitabu cha nne, sura ya 31, na Marius mwaka 563, uvitafsiri vyote viwili kwa mkono wako, ubavu kwa ubavu, kabla hujasoma mtaalamu yeyote. Hiyo ndiyo sura ya kwanza ya tasnifu yako, na wenye Kilatini cha kuifanya ni wachache. Wa Dodoma, usijali Kilatini kwa sasa. Hotuba zote nne na barua ya Flanders zimetafsiriwa kwa Kiingereza. Chora safu tano kwenye karatasi moja, juu ya kila safu andika jina na mwaka wa kuandikwa, kisha tafuta neno Yerusalemu katika kila moja. Ukimaliza, mwombe mwalimu siku tatu za ziada, umweleze sababu. Atakupa.